Mtihani wa Kiingereza ni Kazi Yetu Sote

Mazungumzo mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi, Morogoro



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kuwatayarisha watoto wetu wa sekondari kwa mtihani wa kusoma Kiingereza. Wengine mtasema kwamba hilo ni jambo la walimu, tena si la siasa. Sisi twasema sivyo. Jambo linaloamua kama mtoto wa Matombo au wa Kinole ataendelea na masomo, ama atarudi nyumbani mikono mitupu, hilo ni jambo la wananchi wote. Chama kisicholiangalia hakijui kazi yake.

Tuanze na hali ilivyo. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Uamuzi ule tuliupokea kwa furaha, na hata leo hatuujutii. Mtoto hujifunza hesabu kwa lugha anayoielewa, huuliza bila haya, na akirudi nyumbani humweleza mama yake aliyojifunza. Lakini siku anapoingia kidato cha kwanza, mambo hugeuka. Historia ni kwa Kiingereza. Jiografia ni kwa Kiingereza. Baiolojia, fizikia, kemia na hesabu, zote ni kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza kunyosha mkono darasani sasa huketi kimya, kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

Hali hii si siri wala si mpya. Mwaka 1980 Mwalimu Nyerere aliunda tume ya elimu chini ya Ndugu Jackson Makweta. Mwaka 1982 tume ile ilishauri kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili. Ushauri huo haukufuatwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walikipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Waliona kwamba katika kidato cha nne ni kama mwanafunzi mmoja kati ya kumi aliyefikia kiwango cha kuweza kuanza kufundishwa kwa Kiingereza. Fikirini maneno hayo, ndugu zangu. Kuanza, na hali kidato cha nne ndiko kumaliza! Wale tisa walikuwa wamekaa miaka minne darasani wakisikia sauti ya mwalimu, bali maana yake haikuwafikia.

Tena mwaka 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanywa mwaka 2012, watahiniwa kama sita katika kila kumi walipata daraja la sifuri. Matokeo yale yalikokotolewa upya baadaye, na Serikali iliunda tume ya kutafuta sababu. Sababu zilikuwa nyingi, nasi hatusemi kwamba lugha ndiyo peke yake. Lakini kila mmoja wetu anajua kwamba mtu asiyelielewa swali hawezi kulijibu, hata kama jibu analo kichwani.

Najua, katika mkutano huu wapo watakaosimama na kusema: Basi tuiombe Serikali ibadilishe lugha ya kufundishia, mambo yaishe. Shauri hilo lina mahali pake, na wananchi wana haki ya kulijadili. Lakini mtoto aliye kidato cha tatu sasa hawezi kungoja mpaka wakubwa wamalize kujadiliana. Karatasi ya mtihani itamkuta ilivyo. Twamsaidiaje huyu?

Tuwaangalie kidogo wenzetu wa China. Mwanafunzi wa China hujifunza fizikia na historia kwa Kichina, lugha yake mwenyewe. Kiingereza kwake ni somo moja kati ya masomo. Lakini somo hilo hawalifanyii mchezo. Katika mtihani wao mkubwa wa kuingia chuo kikuu, uitwao gaokao, uliorudishwa mwaka 1977 na ambao sasa hufanywa mwezi wa Juni, somo la lugha ya kigeni, ambalo kwa wengi ni Kiingereza, lina alama 150, sawa na Kichina na sawa na hesabu. Na sehemu kubwa ya alama hizo hutokana na kusoma vifungu na kuvielewa. Kwa hiyo mwanafunzi wa kule hutakiwa kujua maneno kama 3,000 kabla ya kuingia chumba cha mtihani.

Sasa pimeni tofauti. Mchina akishindwa kusoma Kiingereza, ameshindwa somo moja, na fizikia yake imesalimika. Mtoto wetu akishindwa kusoma Kiingereza, ameshindwa Kiingereza, na historia, na baiolojia, na karibu kila karatasi itakayowekwa mbele yake. Basi sisi ndio wenye haja kubwa zaidi ya kujitayarisha, na sisi ndio tunaojitayarisha kwa uchache.

Maana tunajitayarisha vipi? Miaka mitatu na nusu hupita hivi hivi. Miezi michache kabla ya mtihani ndipo tunapoanza mbio. Tunakusanya karatasi za mitihani iliyopita, tunawalipia watoto tuisheni, nao wanakariri majibu usiku kucha. Katika karatasi ya Kiingereza huwekwa kifungu cha habari, mtoto akisome na kujibu maswali, kisha akifupishe kwa maneno machache. Aliyekariri hufanya nini? Hutafuta katika kifungu neno linalofanana na neno lililo katika swali, na akiliona hunakili mstari mzima kama ulivyo. Swali linauliza kwa nini, yeye anajibu lini. Swali linamtaka aeleze kwa maneno yake mwenyewe, yeye hana maneno yake mwenyewe.

Wazee wa Uluguru mtatuelewa tukitoa mfano wa matuta. Wakati wa ukoloni Waingereza waliwalazimisha watu wa milima hii kuchimba matuta ili udongo usichukuliwe na mvua. Kuhifadhi udongo si jambo baya. Lakini watu walilazimishwa bila kuelezwa wakaelewa, na mahali pengi matuta yale yaliufukia udongo mzuri na kuleta juu udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 wananchi walikataa, na fujo za Matombo zikajulikana nchi nzima. Mpango ule ukafa. Lakini nendeni Mgeta mkaone. Wakulima hupanda mboga zao juu ya matuta, wala hakuna askari anayewasimamia. Kwa nini? Kwa sababu wanajua faida yake, na faida hiyo wanaiona sokoni.

Kukariri majibu ya mtihani ni kama matuta yale ya kulazimishwa. Mtoto huchimba asichokielewa, na siku mtihani unapokwisha huacha yote. Kusoma kwa kuelewa ni kama matuta ya Mgeta. Anayeonja faida yake haachi.

Basi kusoma kwa kuelewa ni kufanya nini? Tuseme kwa vitendo, maana wanafunzi wako hapa mbele yetu.

Kwanza, usikimbilie maswali kabla ya kujua habari yenyewe. Soma kifungu chote mara moja bila kusimama, hata kama yamo maneno usiyoyajua. Kisha jiulize kwa Kiswahili: Habari hii inamhusu nani? Ametenda nini? Kwa nini? Kiswahili si dhambi hapo. Akili ifikiri kwa lugha iliyo nyepesi kwake, na mkono uandike kwa lugha inayotakiwa.

Pili, neno usilolijua liulize kwa majirani zake. Tuseme kifungu kinaeleza kwamba njia ilikuwa "steep" hata mzee akashika majani asiteleze, akapumzika mara tatu kabla ya kufika juu. Mtoto wa Uluguru hahitaji kamusi hapo. Miguu yake inaijua njia hiyo.

Tatu, angalia maneno madogo. Hayo ndiyo yanayowaangusha wengi. Ikiandikwa "The seeds will rot unless they are dried", asiyejua maana ya "unless" atasema kwamba mbegu zikikaushwa zitaoza! Neno moja dogo limegeuza habari nzima. Na katika mtihani wa historia mtoto akiona "account for" hudhani anatakiwa kuhesabu, kumbe anatakiwa kutoa sababu. Maneno ya namna hii si mengi. Yaandikwe ukutani darasani, matano kila juma, na kila moja lipewe sentensi yake.

Nne, kufupisha ni kuchagua. Mifano ondoa, marudio ondoa, bakisha hoja. Mwanafunzi ajizoeze kwa hotuba na habari za magazeti ya Kiswahili kwanza. Akiweza kuifupisha hotuba yetu hii ndefu kwa maneno hamsini, ataweza na kifungu cha Kiingereza.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: soma kila siku, na soma vitabu vyepesi. Baada ya ile taarifa ya 1984, mpango ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza ulileta vitabu vya hadithi nyepesi katika sekondari zetu, kwa kuwa ilionekana kwamba lugha haiingii kwa sarufi peke yake. Mpaka sasa vipo vitabu kama Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver vya Richard Mabala, ambavyo mtoto wa kidato cha kwanza aweza kuvisoma na kucheka. Anayecheka ameelewa. Kitabu kikiwa kigumu hata kila mstari una maneno kumi usiyoyajua, kiweke, chukua kilicho chepesi zaidi. Hakuna aibu. Hata anayepanda Bondwa huanzia chini.

Mtauliza: Vitabu viko wapi, na nani atawasimamia watoto, na hali sisi wengine Kiingereza hatukijui? Ndugu, swali hilo tuliwahi kulijibu katika nchi hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wazima kama milioni mbili walikaa katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu kimoja, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, na kiongozi huyo hakuwa profesa. Alikuwa mwananchi aliyeandaliwa kidogo na kujitolea sana.

Basi njia hiyo tuirudie. Watoto wanane au kumi, kitabu kimoja, saa moja, mara tatu kwa juma. Mmoja asome kwa sauti, wenzake wasikilize. Kila ukurasa wasimame, waelezane kwa Kiswahili yaliyotokea, kisha wajaribu kuyasema kwa Kiingereza chao, kibovu au kizuri. Asiwepo wa kumcheka mwenzake. Anayemcheka anayejifunza ni adui wa maendeleo. Mwalimu apite mara moja kwa juma kusahihisha na kuchagua kitabu kinachofuata. Wanafunzi wa vyuo vyetu vikuu, Sokoine na Mzumbe, wanaporudi vijijini wakati wa likizo, waje wasaidie. Wamesomeshwa kwa jasho la wananchi, na deni hilo halilipwi kwa fedha peke yake.

Ofisi ya tawi ifunguliwe jioni, pawe na taa na meza. Kila familia yenye uwezo itoe kitabu kimoja kwa mwaka. Baba na mama wampunguzie mtoto kazi saa ile moja, na hasa mtoto wa kike, ambaye mara nyingi maji na kuni humngoja kabla ya daftari. Na kwa kuwa kwetu Uluguru mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake, mjomba naye aulize: Mjomba, leo umesoma nini? Hebu nisimulie. Asiyejua Kiingereza aweza kuuliza hivyo, na mtoto anayesimulia kwa Kiswahili alichokisoma kwa Kiingereza amefanya mtihani wake nyumbani, bila hofu.

Asije mtu akatuambia kwamba kukisoma Kiingereza ni kukidharau Kiswahili. Mwalimu Nyerere alisoma Kiingereza mpaka akakimudu, na alichokifanya nacho mnakijua. Mwaka 1963 alitoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Aliingia katika nyumba ya watu, akatwaa kilicho chema, akakileta nyumbani kwetu. Huo ndio usomaji tunaoutaka. Hatutaki watoto wanaoiga sauti ya Mwingereza. Twataka watoto wasiodanganyika na karatasi yo yote itakayowekwa mbele yao, iwe ya mtihani, iwe ya mkataba wa shamba, iwe maelezo ya dawa.

Mwezi ujao tutarudi hapa. Hatutauliza ni wangapi waliotupigia makofi leo. Tutauliza vikundi vingapi vimeanza, na kila kikundi kimefika ukurasa wa ngapi.

Uhuru na Kazi!