NENO "NOTISI": MAANA YAKE NA FAIDA YAKE

(Hotuba kwa wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kulieleza neno moja ambalo kila mfanya kazi hulisikia, lakini wachache hulifahamu sawasawa. Neno lenyewe ni notisi.

Wengi wetu tukisikia, "Fulani amepewa notisi," hudhani amekwisha fukuzwa. Na mwenyewe, akipewa barua asubuhi, jioni hukusanya vitu vyake akaenda zake. Sivyo. Notisi ni siku zilizo kati ya barua na mwisho wa kazi, na siku hizo zina mshahara wake. Ukiziacha, umeacha fedha yako.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 35, yasema hivi. Mwenye kulipwa kila mwezi apewe notisi ya siku 28, kwa maandishi. Mwenye kulipwa kila juma, akipewa notisi juma hili, kazi yake haiishi mpaka mwisho wa juma linalofuata. Kibarua wa kulipwa kila siku hana notisi. Lakini akifanya kazi mfululizo siku zikatimia mwezi, sheria yamhesabu kuwa mtu wa mwezi, naye apata siku 28 kama wenzake. Hizo ndizo siku za chini kabisa. Mapatano ya chama na tajiri yaweza kuzizidisha.

Je, tajiri akitaka uondoke leo hii? Aweza, lakini sharti akulipe mshahara wa siku zote za notisi. Nasi vile vile, tukiacha kazi ghafla, tajiri ana haki ya kutudai. Notisi ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Tena, kama barua ni ya Kiingereza nawe hukifahamu, sheria yamtaka tajiri ahakikishe umeelezwa kwa mdomo, kwa lugha unayoijua. Usione haya kuuliza.

Mwenye kosa kubwa aweza kuachishwa bila notisi. Lakini kwanza aelezwe kosa lake na asikizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe.

Kwa hiyo, ndugu, ukipewa barua usitie sahihi mbio mbio. Tazama tarehe, hesabu siku, kisha ilete kwa mwakilishi wa chama siku ile ile. Anayezijua siku zake si rahisi kupunjwa.

Umoja ni nguvu.