Malipo ya Pili: Simu Zilizokufa na Somo la Kahawa



Niliomba mhadhara huu ufanyike hapa Bomang'ombe, si Moshi mjini, kwa kuwa hapa ndipo Mlima Kilimanjaro unaposhushia vitu vyake. Barabara ya Sanya Juu inakutana hapa na ile ya Moshi na Arusha, na pamoja na ndizi na maharage, siku hizi hushuka redio zilizonyamaza, ving'amuzi, chaja na runinga zenye mgongo. Kila Desemba watu wetu wanarudi kihambani, kwenye mashamba ya ukoo, na runinga bapa. Ile ya zamani haitupwi. Inaingizwa stoo, inafunikwa gunia, inakaa miaka, mpaka apite kijana wa chuma chakavu na mkokoteni wake.

Juzi nilishinda nusu siku kwa fundi simu mmoja hapa mjini. Aliletewa simu iliyoingia maji. Aliipasha kwa hewa ya moto mpaka gundi ikalegea, akapenyeza kipande chembamba cha plastiki ukingoni, akakizungusha taratibu kama mtu anayebandua stempu. Zamani, aliniambia, ilitosha ukucha: mfuniko unatoka, betri inatoka. Sasa simu hugundishwa kiwandani, na kioo kikipasuka wakati wa kuifungua, hasara ni ya fundi. Ile isiyopona huchinjwa. Spika, kamera na tundu la chaji huingia kwenye visanduku vyake kusubiri simu nyingine.

Kwangu mimi, hapo ndipo kiini cha tasnia ya taka za kielektroniki kilipo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba katika Afrika zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi hazikufika asilimia 1. Naiamini hesabu hiyo, lakini haimhesabu fundi yule. Simu aliyoiongezea miaka miwili haimo kwenye tani za mtu yeyote. Na kuna vifaa vinavyogeuka taka vikiwa vizima kabisa: Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozifungia simu bandia, simu zilizokuwa zikipokea na kupiga jioni zilinyimwa mtandao usiku uleule.

Lakini baada ya kuchinja, kinabaki nini? Bodi, betri na waya. Nyuma ya vibanda nilimwona kijana akichuna waya kwa wembe. Mnene aliuchuna. Mwembamba aliutupa motoni, kwa sababu kuuchuna kunamla saa nzima kwa gramu chache za kopa. Plastiki ile ikiungua kwenye moto mdogo hutoa dioksini, sumu inayoganda kwenye mafuta ya mwili na kupita kwenye maziwa, ya ng'ombe na ya mama. Mji huu umebeba jina la ng'ombe. Majivu huondoka na masika kuelekea Mto Kikafu, na maji ya Kikafu mwisho wake ni Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki.

Simlaumu kijana yule. Mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu ndiyo inayomfundisha kuchoma, kwa sababu inalipa kilo ya kopa safi na hailipi kitu kingine.

Wazee waliopo hapa wanaijua habari ya namna hii. Kabla ya mwaka 1925, Mchaga mwenye miche michache ya kahawa alikuwa peke yake mbele ya mnunuzi. Mwaka ule kilianzishwa chama cha wakulima, KNPA, chini ya Joseph Merinyo, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika, KNCU. Kahawa ya kila kihamba ilikwenda kwenye ghala la chama cha msingi, ikapimwa, ikapangwa kwa madaraja, ikauzwa kwa pamoja. Mkulima alipata malipo ya awali, na baada ya mauzo akasubiri malipo ya pili. Yale ya pili ndiyo yaliyopeleka watoto shule.

Bodi ya simu haina malipo ya pili. Tani moja ya bodi hizo ina dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya mgodi wa Geita, pamoja na fedha na paladiamu, lakini hapa inauzwa kwa kilo kama bati. Thamani yake huonekana kwenye viwanda vichache vikubwa vya kuyeyushia, kama kile cha Hoboken, Ubelgiji.

Na njia ya kufika huko imebadilika. Tangu Januari 1, 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, hata zisizohesabiwa kuwa hatari, hazivuki mpaka bila idhini ya nchi inayopokea iliyotolewa mapema. Nyumbani tuna kanuni za mwaka 2021 za kudhibiti taka hizi, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Kanuni hizi ni nzuri, nazitetea. Ila mtu mwenye kilo tatu za bodi hawezi kuzifuata peke yake, sawa na mkulima wa miche arobaini asivyoweza kuuza kahawa Hamburg peke yake.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS), mafundi na halmashauri ya wilaya yetu ya Hai. Tengeni kona moja yenye paa na sakafu ya saruji, na mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Bodi zipokelewe peke yake, betri peke yake, waya ukiwa na plastiki yake na ulipiwe hivyohivyo, bila kuchomwa. Ziuzwe kwa pamoja kwa mwenye kibali, na kila aliyeleta aandikwe kwenye daftari, ili siku fedha zikirudi ajulikane anadai kiasi gani.