Bundi Hakutumwa na Mama Mzee

Masomo: Hesabu 22:21-33, Ayubu 12:7-10, Kumbukumbu la Torati 18:10-12

 

Leo tutazungumza juu ya sauti za viumbe: wanyama, ndege, hata mimea. Usiseme, "Mchungaji, hayo ni mambo ya shule, yanahusu nini wokovu wangu?" Yanakuhusu. Katika kartie zetu sauti ya ndege mmoja inaweza kumfukuza mama mzee katika nyumba yake. Usiku bundi analia juu ya mabati. Asubuhi mtoto ana homa. Jioni mtu anasema ameonyeshwa mchawi, na anayetajwa ni mjane asiye na mtu wa kumtetea.

Tuanze na Balaamu. Alikuwa mtu mwenye jina kubwa, wafalme walimtafuta. Siku ile alipanda punda wake kwenda mahali ambapo Mungu hakupendezwa aende. Malaika akasimama njiani na upanga mkononi. Nani alimwona? Nabii hakumwona. Punda alimwona. Akageuka mara tatu, na mara tatu akapigwa. Ndipo Mungu akamfungua kinywa, akauliza kosa lake ni nini. Angalia mstari wa 33: malaika alisema kwamba kama punda asingegeuka, Balaamu angekufa na punda angebaki hai. Mnyama aliyepigwa ndiye aliyeokoa maisha ya aliyempiga.

Kusema kwa maneno ya mtu ulikuwa muujiza wa siku ile. Lakini viumbe vina sauti zao kila siku. Ayubu anatuambia tuwaulize wanyama na ndege, nao watatufundisha. Je, tumewahi kuwauliza?

Wako watu waliowauliza. Kaskazini mwa Kenya kwa Waborana kuna ndege mdogo anayeonyesha asali. Kwa Kiswahili wengine humwita mlembe. Anamjia mtu, analia kwa namna yake, anaruka mbele kidogo, anangoja, analia tena, mpaka wafike penye nyuki. Mtu anatoa asali, ndege anakula nta. Mtaalamu Hussein Isack pamoja na mwenzake Reyer walipima jambo hilo wakaliandika mwaka 1989. Bila ndege, watafuta asali walihitaji kama saa 9 kupata mzinga. Wakiongozwa na ndege, kama saa 3 tu. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao wana mwito wao wa kumwita ndege huyo, waliofundishwa na baba zao. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mwito ule, kuliko sauti nyingine, unaongeza nafasi ya kuonyeshwa nyuki zaidi ya mara tatu. Ndege anaelewa nani anamwita, na kwa kazi gani.

Hata mahindi yako yanasema. Kiwavi akianza kutafuna jani, mhindi unatoa harufu ambayo haukuitoa kabla ya kuumwa. Nyigu wadogo wanaisikia harufu hiyo, wanakuja, wanataga mayai ndani ya kiwavi, naye anakufa. Wataalamu waliandika habari hiyo mwaka 1990. Wewe umepita shambani ukaona majani kimya, kumbe shamba lilikuwa linaita msaada, na Muumba alikwisha kuweka wa kuitika.

Sasa tumuulize bundi: unalia nini?

Bundi anajibu kwa kazi yake. Analia kumwita mwenzake. Analia kuwaambia bundi wengine kwamba eneo hili lina mwenyewe. Anakuja karibu na nyumba zetu kwa sababu tunaweka mahindi na maharage, na penye mahindi pana panya, na panya ndio chakula chake. Yule bundi mwenye uso mweupe, anayependa kulala kwenye dari za nyumba na hata za makanisa, tundu la sikio lake moja liko juu kuliko la pili. Kwa njia hiyo anajua panya yuko wapi katika giza kabisa, bila kumwona. Manyoya yake yameumbwa asitoe kishindo akiruka. Ndiyo maana anakutokea ghafla ukaogopa. Hakuja kwa ajili yako.

Na zile sauti za kukoroma na kuzomea unazozisikia darini usiku? Mara nyingi ni vifaranga vyake wenye njaa. Huko Uswisi, mtaalamu Alexandre Roulin na wenzake waliwasikiliza miaka mingi. Waliona kwamba kabla mzazi hajarudi na panya, vifaranga wanaongea wao kwa wao. Mwenye njaa zaidi analia zaidi, na mara nyingi wenzake wanamwachia zamu. Wapendwa, nyumba inatetemeka kwa hofu, watu wanakemea mpaka asubuhi, na juu ya dari watoto wa ndege wanapatana nani atakula kwanza! Ayubu 38:41 inasema makinda ya kunguru yanapolia, yanamlilia Mungu. Basi na makinda ya bundi yanamlilia nani?

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, hauamini kwamba shetani yupo?" Naamini. Sisi Wapentekoste tunajua kwamba pepo wapo na kwamba jina la Yesu lina nguvu kuliko wote. Kwa sababu hiyo hiyo siogopi ndege. Lakini fungua Kumbukumbu la Torati 18. Mungu aliwakataza watu wake kupiga ramli na kutafuta bahati mbaya au nzuri katika ishara. Mataifa waliwatazama ndege ili kujua nani atakufa na nani ana hatia. Basi anayesema, "Bundi amelia, kwa hiyo mama fulani ni mchawi," nani kati yao amefanya uganga? Mama amelala kitandani mwake. Aliyesoma ishara ya ndege ndiye aliyevunja sheria ya Mungu, hata kama amevaa kanzu ya maombi.

Tena Torati inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Bundi si shahidi. Ndoto si shahidi. Homa ya mtoto si shahidi.

Haya si maneno ya mchezo. Mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, wamama waliuawa na makundi ya watu, wengine kwa moto, kwa kuitwa wachawi, na nyuma ya mashtaka walikuwapo watu wanaojiita watumishi wa Mungu. Damu ile inalia kutoka ardhini kama damu ya Abeli. Kuhusu watoto, Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 41, inakataza kuwashtaki kwa uchawi. Serikali imeandika hivyo. Kanisa litasema nini?

Nawaomba mambo haya. Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe malaria, na umwombee njiani. Bundi akilia, waambie watoto wako anachokula, na usiwaruhusu kumrushia mawe. Ukimwua, panya ndio watakaoshukuru, na mahindi yako ndiyo yatakayolipa. Mtu akikuletea jina la mchawi, mwulize mashahidi wako wapi, wala usilipeleke jina lile nyumba ya pili. Na kama kuna mama mzee aliyetajwa katika kartie yenu, mtembeleeni wiki hii. Ingieni mchana, watu wakiona. Kaeni, kuleni naye.

Balaamu alikuwa na kinywa cha unabii na macho yaliyofungwa. Alinyosha fimbo juu ya kiumbe kisicho na kosa, na malaika akamwuliza kwa nini. Swali hilo litaulizwa tena.

Tuombe. Bwana Mungu, uliyeumba ndege wa usiku na wa mchana, tufungue macho. Utuondolee hofu inayoua jirani. Uwalinde wamama wazee na watoto waliotajwa bure, na uwarudishe nyumbani mwao. Katika jina la Yesu. Amina.