Nani Alipie Jina la Babu?

Makala haya yamezaliwa na kauli moja iliyotolewa katika chumba cha walimu, wakati wa chai. Mwanauchumi mmoja, msomi wa kuheshimika, alisema kufuatilia nasaba ni starehe ya wastaafu wa Ulaya na Marekani. Anayetaka kumjua babu wa babu yake, alisema, na alipe gharama yote, kama anavyolipia kiti cha sinema.

Hoja hiyo ina wenyewe wakubwa kuliko yeye. Hadi Desemba 2016, Idara ya Uraia na Huduma za Uhamiaji ya Marekani ilitoza dola 20 kumtafutia mtu jina la mhenga wake katika faharasa zake. Ada ikapanda hadi dola 65. Novemba 2019 idara ikapendekeza ifike 240, na nakala ya jalada lenyewe ipande kutoka 65 hadi 385. Sababu iliyotolewa ni ile ile ya mezani: mtumiaji abebe gharama.

Kwamba ni starehe, mtu wa mwambao hawezi kulikubali hilo. Wakfu uliowekewa kizazi cha fulani hauna wanufaika bila nasaba, mirathi kadhalika. Shamba la minazi la upande wa mama wa mwandishi liligawanywa baada ya mjomba mmoja kuketi mbele ya kadhi na kutaja majina, mtu na baba yake, mpaka wabishi wakanyamaza. (Mmoja wao amenuna hadi leo.)

Ugenini mambo ni hayo hayo. Kwa miaka mingi Italia iliwatambua wazao wa wahamiaji wake kuwa raia, mradi wathibitishe kwamba mhenga wao hakuchukua uraia wa tajinisi wa nchi nyingine kabla mtoto wake hajazaliwa; mwaka 2025 ndipo ilipoibana haki hiyo. Kwa mwenye babu aliyehamia Marekani, ushahidi huutafuta kwa idara hiyo hiyo, ambayo tangu Aprili 2024 hutoza dola 330 kwa cheti cha kuthibitisha kwamba jalada halikupatikana. Dola 330 za kuambiwa hakuna kitu!

Lakini swali zito zaidi ni nani aliyezitoa kumbukumbu hizi, na hapa msomaji amvumilie mwandishi, maana fomu iitwayo AR-2 ni kipenzi chake. Sheria ya mwaka 1940 iliwalazimisha wageni wote nchini Marekani, kuanzia umri wa miaka 14, kujiandikisha kwa fomu hiyo. Takriban watu milioni 5 walipanga foleni. Dobi ambaye pengine hakuwahi kuandika hata barua anaonekana humo mzima: kimo chake, uzito, rangi ya macho, meli iliyomleta na bandari aliyoshukia, majina mengine aliyowahi kutumia, mwajiri wake, vyama alivyojiunga navyo, kama aliwahi kukamatwa, kisha sahihi na alama ya kidole. Mwandishi hajui wasifu wowote uliosema mengi hivyo kwa maneno machache hivyo. Na mtu huyo hakuomba kuandikwa. Alichukuliwa maelezo kwa amri. Leo mjukuu wake auziwe?

Mwanauchumi naye apewe haki yake. Nyaraka hazijitunzi, na mtunza nyaraka hali hewa. Lakini gharama hiyo ni kiasi gani? Mahakama ya shirikisho huko California ilizuia ongezeko la ada za Marekani Septemba 2020. Mwaka 2024 idara ile ile iliyotaka 385 ikapanga dola 30 kwa ombi la mtandaoni na 80 kwa la karatasi. Gharama yote ilikwenda wapi? Uingereza nayo ilipandisha bei ya cheti kutoka pauni 9.25 hadi 11 mwaka 2019, kisha mwaka 2023 ikaanza kuuza picha za baadhi ya sajili zake kwa pauni 2.50. Ireland, iliyopoteza hazina kubwa ya kumbukumbu katika moto wa Four Courts, Dublin, mwaka 1922, inaonyesha bure mtandaoni sensa za 1901 na 1911, pamoja na sajili za zamani za vizazi, ndoa na vifo.

Kwetu kuna watu ambao mjomba wa kutaja majina hawana. Ni wazao wa walioachwa huru kutoka utumwani, waliopokewa katika misheni ya Bagamoyo kuanzia 1868 na katika makazi ya UMCA, misheni ya Kianglikana, huko Mbweni, Unguja. Mnyororo wao ulikatwa, na kilichosalia mara nyingi ni maandishi ya wamisionari. Nyaraka za UMCA ziko Oxford; za Mapadri wa Roho Mtakatifu, wenye misheni ya Bagamoyo, ziko Chevilly, karibu na Paris. Kwa kijana wa Mbweni, ada ya kumtafuta babu ni visa, nauli na malazi.

Kwa hiyo mwandishi anashikilia kwamba picha za kurasa hizo ziletwe Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, zisomwe bure na yeyote mwenye jina la kutafuta. Mwanauchumi ameshauliza nani atalipia mashine. Walipe wanaozihifadhi karatasi zenyewe.