Mgeuzie Uso Anayesema

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi



Wengi wetu tuliofanya kazi penye nyundo na injini za dizeli masikio yameharibika. Kanuni za mwaka 2005 zasema mfanyakazi asitiwe katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8, lakini sikio likishakufa kwa kelele halifufuki. Baadhi yetu sasa twavaa mashine za kusikilia, na nasikia wengine wakinung'unika kwamba mkutanoni zinaleta makelele tu. Wamezitia mfukoni, na tangu hapo hawanyanyui mkono kusema neno.

Ndugu zangu, tazameni jinsi mashine hii inavyofanya kazi. Nyingi za siku hizi zina maikrofoni mbili, moja mbele na moja nyuma. Sauti itokayo mbele huifikia ile ya mbele kwanza, na kwa tofauti hiyo ndogo mashine hujua kupunguza sauti za nyuma. Basi mbele ya mashine ni pale pua yako inapoelekea! Mtu akiinama kutazama meza, mashine yasikiliza meza.

Kwa hiyo mgeuzie uso anayesema. Kama hujui ni nani, zungusha kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, polepole, siyo kama kuku. Sauti hufika sikio la karibu kabla ya la pili, kwa muda usiotimia sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ubongo hupima. Mwaka 1940 mtaalamu Hans Wallach alionyesha ya kuwa kugeuza kichwa hutusaidia kutofautisha sauti ya mbele na ya nyuma.

Ziko mashine mpya, kama Oticon Intent ya Denmark iliyotolewa mwaka 2024, zenye kipimo cha mwendo ndani. Ukituliza kichwa mbele ya mtu mmoja, hukazia sauti yake. Ukigeuka huku na huku kati ya wengi, hupokea sauti za wote. Bei yake ni kubwa kwetu, sitaki kuwadanganya.

Nanyi wenye masikio mazima mna kazi. Msemaji anyanyue mkono kabla hajaanza, wala asizibe mdomo kwa karatasi. Mwezi uliopita kura ya saa za ziada ilipigwa huku wazee watatu wa nyuma wakiulizana ni kura ya nini. Bwana Mwenyekiti, naomba viti viwekwe duara, tupate kuonana nyuso, na hoja ile isomwe tena leo ndipo ipigiwe kura.