Ua wa Ghorofa ni wa Nani?

Umenunua sehemu yako ghorofa ya pili, watoto wanacheza uani. Jirani mmoja anataka kujenga fremu za maduka palepale. Anaweza? Peke yake, hapana. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaifanya mali ya pamoja, kama ua wa namna hii, kuwa ya wamiliki wote, chini ya chama chao. Tena, ujenzi unahitaji kibali. Kwa walio mjini Mtwara, Manispaa ya Mtwara-Mikindani ndiyo mamlaka ya upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Makubaliano ya barazani, hata mbele ya mjumbe, si kibali. Hujanunua bado? Dai kwanza ramani iliyosajiliwa, uone ua umechorwa wapi.