Kitanda Chako na Mgongo Wako

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini wote mmekwisha kukaa, na kila mmoja anayo kalamu na daftari lake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: MGONGO, KIUNGO, GODORO, MFUMBATI, TENDEGU, CHAGA. Yasomeni wote pamoja.

Mmekwisha? Vema. Mfumbati ni ule mti mrefu wa ubavuni mwa kitanda. Tendegu ni mguu wa kitanda. Chaga ni zile mbao zinazolala kutoka mfumbati mmoja hadi wa pili, nazo ndizo zinazobeba godoro. Leo tutayahitaji maneno haya, maana nitasema juu ya mahali tunapolala.

Mtu anayelala saa nane kila usiku hulala theluthi moja ya maisha yake. Basi mtu aliyefika miaka 60 amekwisha kulala miaka 20. Jembe letu tunalinoa. Baiskeli yetu tunaitia mafuta. Lakini kitanda tunachokilalia miaka 20, nani kati yetu amekikagua?

Tumfikirie bibi mmoja wa Mwimbi, katika Wilaya ya Kalambo, kwenye uwanda wa juu wa Ufipa. Namchora tu ili awe mfano, lakini wengi wenu mtamtambua. Bibi huyu amelima tangu utoto. Ameinama miaka mingi akitengeneza yale matuta ya duara yaliyofukiwa majani, ambayo Wafipa huyaita ntumba. Sasa kila asubuhi hawezi kuinuka mpaka mjukuu amshike mkono. Mwanawe humletea vidonge vya maumivu kutoka dukani. Bibi mwenyewe amekwisha kukata shauri kwamba mwaka huu hatalima. Atagawa shamba lake.

Siku moja muuguzi wa zahanati alipita nyumbani kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Samahani sikuinuka, mgongo huu hautaki."

"Pole sana, bibi. Maumivu huanza saa ngapi?"

"Nikiamka tu. Nikiota jua na kutembea kidogo, yanapungua. Hata uji haujaiva, nimekuwa mzima. Ni uzee, mwanangu."

"Je, bibi, iko siku uliamka bila maumivu?"

Bibi akafikiri. "Iko. Tulipokuwa na msiba kwa dada yangu. Tulilala chini, juu ya majani na mikeka. Nilidhani nitaamka nimevunjika, kumbe niliamka salama."

"Basi, bibi, naomba unionyeshe kitanda chako."

Wakaingia ndani. Kitanda kilikuwa na chaga kumi zamani, sasa zimebaki sita. Nyingine zilivunjika, zikawa kuni. Godoro lilikuwa lile ambalo mwanawe alilichoka, nalo lilikuwa na shimo katikati kama mtumbwi. Lakini katika chumba cha pili palikuwa na kitanda kizuri na godoro jipya, lingali ndani ya nailoni yake.

"Bibi, hili ni la nani?"

"Hilo la wageni."

"Wageni hulala hapa siku ngapi kwa mwaka?"

"Labda siku kumi."

"Na wewe, bibi, hulala siku ngapi?"

Bibi akacheka mpaka akashika kiuno.

Ndugu wasikilizaji, tuone sasa kwa nini muuguzi aliuliza maswali yale. Uti wa mgongo si mfupa mmoja. Ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili pana kitu laini kama mto mdogo, chenye maji ndani yake. Mchana, ukisimama na kubeba mizigo, mito hiyo hugandamizwa na kupoteza maji kidogo. Usiku, ukilala, huyanywa maji tena. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Basi usiku ndio wakati wa mgongo kujitengeneza. Lakini mtu akilala juu ya godoro lenye shimo, kiuno huzama, mabega na miguu hubaki juu. Mgongo hupinda usiku kucha, na misuli haipati pumziko. Akilala juu ya kitu kigumu mno, nyonga na bega hugandamizwa, na kiuno huning'inia bila kitu cha kukishikilia.

Zamani madaktari wengi waliwaambia wagonjwa wa mgongo walale juu ya kitu kigumu sana, hata juu ya ubao. Mwaka 2003 madaktari wa Hispania walitangaza matokeo ya jaribio lao. Watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya siku nyingi waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipewa godoro gumu, na fungu la pili godoro la ugumu wa kadiri. Baada ya siku 90, waliolalia godoro la kadiri ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo tusitafute jiwe, wala tusitafute pamba ya mawinguni. Tutafute cha katikati.

Utajuaje kama kitanda chako ndicho kinachokuumiza? Andikeni njia hizi tatu.

Kwanza, angalia saa ya maumivu. Yakiwa makali unapoamka, na yakipungua baada ya kutembea muda mfupi, kitanda kinashukiwa. Ukiamka vizuri unapolala kwa watu wengine, kinashukiwa zaidi.

Pili, lala chali, kisha upenyeze mkono chini ya kiuno. Ukipita ovyo na kubaki nafasi kubwa, kitanda ni kigumu mno kwako. Ukikataa kabisa kupita, umezama. Ukipita kwa shida kidogo, ni vema.

Tatu, lala ubavu, umwombe mtu wa nyumbani akutazame kwa nyuma. Mstari wa mgongo kutoka shingoni hadi kiunoni unyooke. Ukipinda kama upinde, kitanda kina kosa.

Sasa tukitengeneze kitanda, wala tusikimbilie kununua. Mara nyingi kosa halimo katika godoro, limo chini yake. Lifunue godoro uhesabu chaga. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi upana wa vidole vinne. Zilizovunjika zibadilishwe. Kitanda kikiwa kipana, kiongezewe tendegu la katikati. Wenye kitanda cha kamba wakiwambe upya kila kinapolegea. Godoro la sponji ligeuzwe kila mwezi, upande wa kichwani uende miguuni. Kisha bonyeza kwa ngumi pale unapolaza kiuno. Ukizigusa chaga, godoro hilo limekwisha au ni jembamba mno kwako.

Asiye na fedha ya godoro asikate tamaa. Sisi tunaovuna mahindi tunayo maganda. Chagua yale laini ya ndani. Yaanike mpaka yakauke kabisa, yachanechane, kisha uyashindilie katika gunia safi au kitambaa kigumu kilichoshonwa. Jaza sawasawa, pasiwe na bonde wala kilima. Lianikwe juani mara kwa mara, na baada ya mavuno mengine maganda yabadilishwe. Wala msione aibu kulalia majani. Katika pango liitwalo Border Cave, huko Afrika Kusini, wataalamu wamekuta malalo ya majani ya miaka 200,000 iliyopita. Watu wale walitandika majani yao juu ya majivu, na wataalamu wanadhani majivu yale yaliwasaidia kuwazuia wadudu. Kutandika vizuri ni elimu ya kale katika Afrika.

Na wadudu ni jambo la kuangaliwa. Anayelala chini katika nyumba ya udongo yenye nyufa aweza kuumwa na papasi, ambao huleta homa inayokwenda na kurudi. Basi ziba nyufa, na ukilala chini kwa kujaribu, isiwe desturi.

Kama unayo fedha ya kununua, kumbuka methali: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukifika dukani Sumbawanga au mnadani, usilitazame kwa macho tu. Mwombe mwenye duka ulilalie kidogo, chali na ubavu. Bei kubwa si dalili ya kufaa. Mtu mzito huhitaji godoro nene na gumu kidogo kuliko mtu mwembamba. Kwa mzee, kitanda kiwe cha kimo ambacho akikaa, nyayo zinagusa chini na magoti yanalingana na nyonga.

Sasa namna ya kulala. Unayelala ubavu, weka mto au blanketi lililokunjwa kati ya magoti. Nyonga itatulia. Unayelala chali, weka kanga iliyokunjwa chini ya magoti. Mto wa kichwa ujaze nafasi kati ya bega na sikio, usizidi wala usipungue. Kulala kifudifudi huisokota shingo, basi jitahidi kuacha.

Ukiamka, usiinuke kwa kishindo. Geukia ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Na hili ni kwa wakulima hasa. Asubuhi ile mito ya mgongo imejaa maji, nayo haipendi kuinamishwa. Uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba watu waliojizuia kuinama mapema asubuhi walipungukiwa na maumivu ya kiuno. Basi saa ya kwanza baada ya kuamka, fanya kazi za kusimama. Fungulia kuku, tembea kuona shamba. Jembe na ndoo ya maji vingoje kidogo.

Nisisahau baridi. Ufipa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai tunaijua. Baridi huikaza misuli, na kiungo kinachouma huuma zaidi. Tena baridi hutoka chini pia, si juu peke yake. Tandika mkeka, gunia au blanketi kuukuu chini ya godoro. Lakini, ndugu zangu, sikilizeni sana: msilale na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Heri blanketi mbili kuliko jiko moja.

Mwisho, kitanda si daktari. Yapo maumivu ambayo godoro haliwezi kuyaondoa. Ugonjwa wa baridi yabisi huvimbisha viungo vya mikono pande zote mbili, na ugumu wa asubuhi hukaa saa nzima au zaidi. Jina lake lina neno baridi, lakini hauletwi na baridi. Ni kinga ya mwili inayoshambulia viungo, nao una dawa. Nenda hospitali ukiona hayo. Nenda pia kama mgongo unauma usiku hata ukilala vizuri, pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda. Yaweza kuwa kifua kikuu cha mgongo, au brusela inayotokana na maziwa yasiyochemshwa. Na kama miguu inalegea au kufa ganzi, au mkojo haushikiki, usingoje kesho. Nacho kidonge cha maumivu kisiwe chakula cha kila siku. Vikinywewa muda mrefu bila shauri la daktari, baadhi yake huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Turudi kwa bibi yetu. Siku ile mwanawe alikata mbao nne akajaza chaga zilizopungua. Godoro bovu likatolewa. Nailoni ya godoro jipya ikachanwa, na mgeni wa kwanza kulilalia akawa bibi mwenyewe. Hakupona siku moja. Mgongo wa miaka mingi haunyooki kwa usiku mmoja. Lakini baada ya wiki chache aliinuka peke yake, bila mkono wa mjukuu. Shamba hakuligawa lote. Alibakiza kipande cha maharage, akisema kwamba hicho atakilima, lakini baada ya uji.

Wasikilizaji, godoro la wageni ni heshima njema. Lakini yule anayewapikia wageni naye ana mgongo.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu, waongoze wajibu maswali haya, kwanza kwa kusema, kisha kwa kuandika.

1. Kwa nini mtu ni mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni?
2. Taja njia tatu za kujua kama kitanda ndicho kinachokuumiza.
3. Kwa nini hatulali na jiko la mkaa?
4. Taja dalili mbili za kumfanya mtu aende hospitali.

Na kazi ya nyumbani: leo, kabla ya kulala, lifunue godoro lako uhesabu chaga. Kisha nenda ukahesabu za kitanda cha mzee wa nyumba yako. Andika hesabu zote mbili daftarini, uzilete darasani.

Kwa herini, na mlale salama.